Mstaafu anayechoma mifupa kijijini kwetu, mwandikeni angali hai

Mhariri habari za kazi. Mimi ni fundi bomba, nakaa Meru upande wa Maji ya Chai, gazeti lenu nalisoma pale kwa kinyozi karibu kila siku na leo nimeamua na mimi niandike maana kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Barua ni ndefu, naomba mnivumilie.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kuna harufu inapita kwenye migomba ya huku kwetu, mgeni akiisikia anadhani kuna mtu kaunguza nyama au anachoma pembe. Ni mzee wetu mmoja anawasha tanuru lake la mifupa. Ana miaka 71. Kastaafu serikalini akiwa na 60, ile ya lazima, alikuwa mkemia kwenye maabara za maji na amezunguka sana mikoani akipima maji ya watu. Jina lake silitaji kwa sababu hajanituma na hapendi kabisa mambo ya kujitangaza, sisi tunamwita Babu Mifupa na yeye anaitika.

Kwa ambao hamjui huku, shida yetu ni floraidi. Mlima Meru ni volkano, miamba yake ina haya madini mengi na maji yakipita chini yanayabeba, yanatokea kwenye chemchemi na visima yakiwa masafi kabisa kwa macho, hayana harufu wala ladha. Mto wenyewe wa Maji ya Chai una rangi ya chai kama jina lake, ila msidhani ile rangi ndo sumu, floraidi haionekani, unaweza ukashika glasi inang'aa na ikawa mbaya kuliko maji yenye tope. Yale maziwa ya Momela hapo ndani ya hifadhi ya Arusha ni kati ya maji yenye floraidi nyingi sana duniani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, siku hizi kiwango kimeshushwa na sisi tupo kwenye 1.5 hiyo hiyo. Kisima tulichokuwa tunachota nyumbani kwangu Babu alikipima kikasoma 9.4.

Matokeo yake yanaonekana ukicheka. Mtu wa huku akifika Dar akifungua mdomo tu anaambiwa wewe wa Arusha wewe, na wengi wanadhani hatupigi mswaki. Tunapiga jamani. Ile kahawia haipo juu ya jino, ipo ndani yake, imeingia wakati jino linatengenezwa. Na hapo ni meno tu, wakizidiwa zaidi inaingia kwenye mifupa, kule Ngarenanyuki na vijiji vya jirani kuna watoto miguu imepinda mpaka kutembea ni shida, na wazee migongo imekakamaa hawawezi kugeuza shingo, mtu akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima. Babu mwenyewe meno yake ni ya kahawia. Aliniambia alipofika chuo kikuu Dar miaka ya sabini mwenzake wa chumbani alimletea dawa ya meno siku ya pili, kwa nia njema kabisa, na yeye akaipokea akasema asante na usiku hakulala. Anasema kemia aliichagua kwa sababu ya ile dawa ya meno.

Aliporudi kijijini watu walimtegemea kivingine. Mtu katoka serikalini, ana kiinua mgongo, mtaa mzima unasubiri aporomoshe jumba au anunue coaster. Yeye akakarabati nyumba ya baba yake, akapanda kahawa upya, halafu hela nyingine akanunua mita ya kupimia maji, kitu kidogo tu unakishika mkononi ila bei yake anaijua yeye na mkewe. Kisha akaanza kukusanya mifupa buchani. Alikuwa anaipitia jioni bucha zikifunga, anabeba kwenye kiroba nyuma ya baiskeli, giza limeingia, na asubuhi moshi. Si mnajua watu. Ikaanza kusemwa huyu mzee anafanya nini na mifupa usiku, katoka nayo wapi hiyo, mara oh aliwahi kufanya kazi huko Singida karudi na mambo. Na mimi nilikuwa kati ya waliosema, mhariri. Nilisema kijiweni mbele za watu, mtu ambaye hajawahi kunikosea hata shikamoo. Mpaka leo kila nikikumbuka naumia, nilishamwomba msamaha na akanijibu tu kijana, shika hiki chekeche unisaidie.

Maneno yakafika kwa mwenyekiti, mkutano ukaitishwa uwanja wa shule ya msingi. Nikadhani mzee atakuja na hasira. Alikuja na glasi tatu na ndoo, kavaa lile shati lake jeupe la kazini. Akaweka glasi kwenye meza, moja ya maji ya mvua aliyokinga mwenyewe, moja ya kisima cha hapo hapo shuleni, moja ya kisima hicho hicho yaliyopitishwa kwenye mifupa. Akasema nani ataniambia yapi mabaya. Watu wakainama wakaangalia, wakanusa, hakuna aliyejua, yote yanafanana. Ndo akatoa chupa ya dawa nyekundu, akaweka kipimo kile kile kila glasi, akasema msiguse haya maji yakishaingia hii dawa ni ya maabara sio ya kunywa. Ya mvua yakabaki mekundu. Ya kisima yakapauka, ile nyekundu ikafifia watu wanaona, mama mmoja nyuma akasema yesuu. Ya tatu yakabaki mekundu karibu sawa na ya mvua. Akatueleza ile dawa inafifishwa na floraidi, kadiri ilivyo nyingi ndo inavyopauka, hakuna uganga hapo. Kisha akasema neno ambalo watu wa huku bado wanalirudia, akasema mimi nimepima maji ya watu miaka 34 nikaandika ripoti, ya kwenu nataka nisiishie kwenye ripoti.

Tangu siku hiyo ni miaka kumi sasa na hajapokea hata shilingi mia ya mtu. Ukimpa mkungu wa mshare anapokea, ukimpa hela anakwambia nunua ndoo ya pili.

Nieleze kidogo anavyofanya maana ndo sehemu ninayoipenda na najua kuna wasomaji wa Hai na Simanjiro na Singida wenye shida hii hii. Mifupa inachemshwa kwanza mafuta yatoke, inaanikwa juani mpaka inakuwa mikavu ya kugonga ikalia. Halafu inapangwa kwenye pipa linalofungwa mfuniko, linawekwa ndani ya tanuru la udongo, moto unazunguka nje, hewa isiingie kwenye mifupa. Hapo ndo kuna kazi. Moto ukiwa mdogo mifupa inabaki na uozo ndani, maji yakipita yanatoka ya njano yananuka hakuna atakayekunywa. Ukiwa mkali sana au ukifungua mfuniko bado ina moto, hewa ikaingia, inageuka myeupe, mizuri kwa macho lakini nguvu ya kunasa floraidi imeshakufa. Anayotaka yeye ni myeusi, na akivunja kipande katikati ni cheusi hivyo hivyo mpaka ndani. Ana kipimajoto cha waya anakichomeka pembeni, anakaa kwenye kigoda anakiangalia kama mtu anaangalia mgonjwa, digrii 400 na kitu, ikikaribia 500 anavuta mkaa pembeni kwa koleo. Siku nzima hiyo. Usiku pipa linaachwa hivyo hivyo lipoe lenyewe, kesho yake mchana baada ya kanisani ndo linafunguliwa.

Mara ya kwanza mimi kuwepo lile pipa linafunguliwa alichukua kipande akakiweka kwenye kiganja changu, chepesi kama mkaa wa kawaida lakini ukikitazama vizuri kina vitundu vidogo vidogo vingi. Akaniambia humo ndani kuna kalsiamu na fosfeti, yaani kilekile ambacho jino limetengenezwa nacho, floraidi inakimbilia mfupa wa ng'ombe kwenye ndoo badala ya kukimbilia mfupa wa mtoto wako. Sijawahi kusahau. Mimi niliishia darasa la saba, sayansi nilikuwa naiona kitu cha watu wengine, na hapo nikaielewa nimesimama na koti la kazi.

Kinachofuata ni kinu na mchi, unatwanga halafu unachekecha mara mbili, unga unaondoka unakwenda kwenye kahawa, mabonge yanarudi kinuni, zinazobaki ni punje kama chenga za mchele. Unaziosha mpaka maji yawe meupe. Zinawekwa kwenye ndoo ya lita 20 yenye koki chini na kitambaa, maji yanamwagwa juu yanashuka taratibu. Mimi kazi yangu ndo kufunga koki na kuhakikisha hazivuji, nikitoka kwenye mafundisho yake jioni nilikuwa sijisikii fundi bomba tu.

Na kuna mambo ambayo mtu wa maabara peke yake asingeyafikiria. Bucha anayochukua mifupa ni moja tu, ambayo mchinjaji ni Mwislamu na inajulikana, na mfupa wa nguruwe haukaribii tanuru hata kwa bahati mbaya, kwa sababu alisema maji ni ya kila mtu, sitaki jirani yangu Mwislamu anywe huku moyo una shaka. Alienda mwenyewe msikitini akamweleza shehe, akamleta akaona. Leo nyumba za Waislamu zenye ndoo ni nyingi kama za Walutheri.

Alhamisi ni siku ya kliniki ya watoto pale zahanati, Babu anafika mapema anakaa benchi moja na akina mama, akipewa dakika kumi anaongea kumi. Nimemsikiliza mara kadhaa nikimpeleka na pikipiki. Anawaambia jino la ukubwani linatengenezwa ndani ya fizi tangu mtoto hajaanza hata kutembea mpaka anafika miaka kama 8, mkimpa maji salama miaka hiyo mmemwokoa meno maisha yake yote, mkichelewa halirudi. Anawaambia maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji haya haya, kwa hiyo ile miezi sita ya kunyonyesha bila maji ni ulinzi wa bure. Kuchemsha hakusaidii kwenye hili, kunaua vijidudu sawa, lakini maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki ile ile. Na magadi. Huku kwetu maharage na makande bila magadi watu wanaona kama hayajaiva, na magadi mengi yana floraidi ya kutisha, akina mama wakisikia hapo huwa wananyamaza kabisa, kuna bibi siku moja alisema basi babu tutapikia nini, akamjibu mama loweka maharage usiku, kuni zitapungua pia.

Ukimuuliza kipi bora kuliko mifupa anakwambia mvua. Hana wivu na kazi yake. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba wowote, bati safi na mfereji na simtanki iliyofunikwa, masika ikinyesha vizuri unahifadhi ya kunywa na kupikia ya watoto miezi mingi, ya kuoga na kufulia endelea na kisima hakuna shida. Nyumba 14 za mtaa wetu mifereji nimeifunga mimi kwa bei ya vifaa tu, ufundi nikatoa bure, nikisema nalipa lile deni la maneno ya kijiweni.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, ndo lililonifanya niandike.

Nina watoto wawili wa kike. Mkubwa ana miaka 16, alikunywa maji ya kile kisima cha 9.4 tangu anazaliwa, hatukujua. Meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia na mengine yamemomonyoka ncha. Mtoto mzuri, ana akili, lakini tangu darasa la tano akicheka anaweka kiganja mdomoni, hata kwenye picha ya ubatizo wa mdogo wake kaweka kiganja. Siku Babu alipokuja kutufungia ndoo, binti alikuwa anafua uani, akasikiliza yote, habari ya miaka 8, habari ya mdogo wake. Akaacha nguo, akaja akasimama, akamsalimia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, akauliza, na mimi je?

Mhariri mimi nilitaka mzee aseme uongo. Mtu mwingine angesema utapona Mungu ni mkubwa. Babu akavua miwani, akamwambia mjukuu wangu, meno yako hayatarudi kuwa meupe kwa maji haya, yalishatengenezwa zamani. Akafungua mdomo wake akamwonyesha ya kwake. Akamwambia mfupa wako bado unajengwa, huo tunauwahi leo, na daktari wa meno anaweza kuyafunika hayo ya mbele ukishakuwa mkubwa ukitaka, sio lazima. Binti akalia pale pale, mama yake akalia, mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia koki. Alipomaliza kulia babu akamuuliza, hesabu unaweza? Akasema naweza. Akampa daftari.

Lile daftari ndo roho ya kazi yote. Miaka ya nyuma ulikuja mradi mmoja, jina lake naliacha, wakajenga mtambo mzuri wa kuchuja karibu na sokoni, siku ya uzinduzi kulikuwa na maturubai na ng'ombe, vijana wakaimba. Ndani ya miaka miwili ile dawa ya ndani ilishajaa floraidi haishiki tena, hakuna aliyekuja kuibadilisha, hakuna aliyepima, na sisi tukaendelea kunywa tukijua tupo salama. Babu anasema chujio lililochoka ni baya kuliko kukosa chujio, maana asiye nalo anajua yupo hatarini. Ndo maana kila ndoo ina namba, na kila mwezi lazima ipimwe, ikianza kupanda inakaribia 1.5 mifupa inabadilishwa. Ya kwangu ilidumu miezi minne hivi, ya jirani mwenye familia kubwa haifiki mitatu. Ndoo zipo 112. Binti yangu anazijua zote kwa namba, akikutana na mtu njiani hamuulizi habari za nyumbani, anamwambia mama wewe 47 hujaleta sampuli. Anaenda nyumba kwa nyumba na chupa ndogo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na nawaambia ukweli, akiwa anasoma namba kwenye mita kile kiganja hakipo mdomoni, mikono yote ina kazi.

Sasa mhariri na wasomaji, huyu ni mtu mmoja. Mwaka jana mwezi wa saba aliugua, presha, akalazwa wiki mbili. Tanuru halikuwashwa. Tulijaribu sisi, mimi na vijana watatu, tukatoa pipa zima limegeuka jeupe, kazi ya wiki tatu ya kukusanya mifupa imekwenda na maji. Ndoo 30 na zaidi zilikuwa zimefika muda wake na hatukuwa na cha kuweka. Nikakaa pale kwenye kigoda chake nikaogopa kwelikweli. Sio kwamba nilimwogopea yeye peke yake, niliogopa kwamba yote anayoyajua yapo kichwani kwake na kwenye mikono yake, na kichwa chenyewe kimelazwa wodini.

Hapa ndo naomba tufikirie. Kila mwaka tunastaafisha watu wa namna hii wengi, wa maji, wa udongo, wa mifugo, wa maabara za hospitali. Siku ya kuwaaga tunawapa mabati na friji na picha kubwa ya fremu, hotuba, keki, anapanda gari na mabati yake anakwenda kijijini, na serikali ya kijiji haijui kwamba leo imepokea mtaalamu wa udongo wa miaka 35. Baada ya hapo mazungumzo yetu na mstaafu ni kikokotoo tu, ile hesabu ya mafao yake, amepata au hajapata. Kikokotoo ni haki yake, mimi sipingi hata kidogo, lakini mbona hatumuulizi baba, mama, wewe ulikuwa unafanya nini huko kazini, na sisi hapa tuna shida hii? Babu aliniambia kuanzia amestaafu mpaka siku ya ule mkutano, hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza swali hilo. Walimuita mara moja tu, kuhusu mchango wa harambee.

Wapo wanaothaminiwa, tusiseme hakuna. Kenya yupo Profesa Miriam Were, aliyeanza kazi ya afya ngazi ya jamii kule Kakamega miaka ya sabini, na mwaka 2008 Japani ikampa tuzo ya Hideyo Noguchi, na utu uzima wake wote ameendelea kuhangaika na vijana na afya ya vijijini. Hapa kwetu Dokta Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru alibuni chujio la maji la nano, yaani la chembe ndogo mno, mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, tulifurahi sana maana Tengeru ni jirani. Hata huu utaalamu wa mkaa wa mifupa Babu hajasema ni wake, anasema wazi kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi na yeye alijifunza kutoka kwa wenzake. Kwa hiyo utafiti upo, vitu vimejulikana. Kinachopungua ni mtu wa kukaa kwenye kigoda kuangalia kipimajoto mpaka jioni na kwenda kwa mama namba 47. Na mji wa Arusha umepata ule mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, tunashukuru na tunausubiri mabomba yafike mpaka huku juu, lakini mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita yeye hasubiri, miaka yake 8 imeshaanza kuhesabika.

Ninachoomba sio pesa kwa Babu, hatapokea. Naomba kata zetu ziwe na daftari la wastaafu, jina, alifanya kazi gani, yupo tayari kusaidia nini, likae kwa mtendaji, haligharimu kitu. Naomba halmashauri ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iangalie na vikundi vya namna hii, vijana wetu wakijiunga wakachoma mifupa na kuiuza kwa bei ndogo kwa vijiji vingine ni kazi kabisa ya mtu kuishi, Babu hataki kuuza lakini hajakataa wao wauze. Ile dawa nyekundu na kile kijiti cha mita kinachochoka vinahitaji kununuliwa kila baada ya muda na mpaka leo vinatoka kwenye pensheni ya mtu mmoja, mkewe ameshaacha kuuliza. Na nyie gazeti naomba mtume mwandishi. Mara nyingi nasoma kwenye kurasa zenu za tanzia fulani alikuwa mtaalamu, aliisaidia sana jamii, nasema moyoni kumbe alikuwa jirani na wilaya yetu na sikuwahi kumjua, ningempelekea maswali yangu. Njooni sasa akiwa anaweza kuwaeleza mwenyewe. Atawakasirikia dakika tano, akishaanza kueleza kemia atasahau.

Na kwa wastaafu wenyewe mnaosoma hii, wengine mpo kwenye kochi sasa hivi mnajiona muda wenu umepita. Babu alianza na glasi tatu tu. Kijiji chako kina shida ambayo wewe uliisomea, sisi tunaoishi nayo hatujui hata jina lake.

Amerudi kwenye tanuru tangu mwezi wa kumi, polepole, daktari amemkataza kubeba pipa. Anataka kufundisha vijana watatu mpaka waweze kuchoma bila yeye kuwepo, awe amekaa nyumbani anakunywa chai yake. Wawili wameshapatikana, mmoja kamaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi na mwingine ni msaidizi wangu wa mabomba, wiki iliyopita walitoa pipa lao la kwanza, robo yake nyeupe, iliyobaki nyeusi mpaka katikati. Nafasi ya tatu bado iko wazi. Anayetaka aje Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, afuate harufu, na avae viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya mkaa.

Fundi bomba,
Maji ya Chai, Meru